Shingo ya Mpwa Wangu

Jadida, Wete

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mdogo wangu kapiga simu kutoka Mombasa baada ya Isha. Salamu zilikuwa fupi. "Kaka, huyu mtoto anataka kwenda Ufaransa kucheza raga. Klabu inamwita. Baba yake hayupo tena, mjomba wake ni wewe. Sema neno." Nikamwomba anipe muda. Klabu inataka jibu mwanzoni mwa Agosti.

Kijana ana miaka 23 na uzito wa kilo 118. Anacheza propu katika klabu moja ya Nairobi na amebakiza muhula mmoja kumaliza stashahada ya umeme. Wanaomwita ni watu wa daraja la chini, mbali na zile timu zinazoonyeshwa kwenye televisheni, na mkataba wenyewe ni wa msimu mmoja.

Nitaandika humu kila ninachokipata, kwa sababu neno la mjomba likishatoka ni shida kulirudisha. Kazi niliyostaafu nayo ilikuwa kuwazoesha watu viungo vyao hospitali: waliopigwa na kiharusi, waliovunjika, na kila msimu wa karafuu, walioanguka mikarafuuni. Raga nimeifahamu kwa ajili ya kijana huyu. Shingo na uti wa mgongo navifahamu tangu yeye hajazaliwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimezungumza naye kwa simu ya video. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze kazi yako, ujifanye sijawahi kuuona huo mpira wa yai." Akacheka, akapanga vikombe mezani.

Skramu ni watu wanane kwa wanane. Mstari wa mbele una watatu: propu, huka, propu. Nyuma yao wanasukuma watano. Propu mwenye jezi namba 1 anaingiza kichwa upande mmoja tu, sikio lake la kushoto linabaki nje. Namba 3 kichwa chake kinaingia katikati ya huka na propu wa upande wa pili, anabanwa kulia na kushoto, na uzito wa wenzake wote unapitia mgongoni mwake. Mpwa wangu ni namba 3. Katika timu za taifa kubwa, kila upande una kama kilo 900.

Nilikumbuka tunavyoshua jahazi pwani, watu wote bega kwenye ubao, wimbo mmoja, nguvu moja, na aliye karibu na mkuku akiteleza wote wanayumba. Ila jahazi halikusukumi nawe.

Nilimuuliza nguvu hiyo ni kiasi gani. Hakujua, nikaitafuta mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliipima kwa vifaa: timu za kimataifa zilipokuwa zikigongana kwa mtindo wa zamani, nguvu ya mgongano ilipita tani moja na nusu. Ndiyo maana mwaka 2013 utaratibu ukabadilishwa. Sasa refa huwaamuru wachuchumae, washikane, ndipo waingie. Wanashikana jezi kwanza, na mgongano umepungua kwa kadiri ya robo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa lililotendeka katika mchezo huu, kubwa kuliko kombe lolote, na sijamsikia mtangazaji hata mmoja akilitaja.

Kijana kaniambia neno jingine. "Mjomba, naweza kucheza mechi nzima nisiushike mpira hata mara tatu. Mimi nikifanya kazi yangu vizuri, anayepigiwa makofi ni mwingine." Alilisema kwa furaha. Nimelifikiria mpaka usiku huu.

Jumapili, 15 Juni

Jana London ilichezwa fainali ya ligi ya Uingereza, Bath 23, Leicester 21. Mpwa wangu alinitumia habari si kwa ajili ya kombe, bali kwa ajili ya mtu mmoja: Dan Cole, propu namba 3 wa Leicester, amecheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 38.

Miaka 38! Mawinga walioanza naye pamoja wameshaacha zamani. Propu hukomaa kwa kuchelewa. Mwili wa kusukuma unajengwa polepole, na ujanja wa kule ndani ya skramu (pembe ya bega, mguu upi utangulie, lini uvute na lini uachie) haufundishiki kwa msimu mmoja. Kijana wa miaka 23 katika nafasi hii bado ni mwanafunzi. Hilo limenitia moyo kidogo, kwa sababu mama yake anaamini kwamba asipoondoka sasa basi ndiyo imekwisha.

Cole aliichezea Uingereza mechi 118. Na mtu huyohuyo ndiye aliyepata aibu mbele ya dunia Novemba 2019. Nitaiandika siku nikipata nafasi, maana habari yake haitengani na ya mtu mwingine.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ni siku ya huyo mtu mwingine. Tarehe kama hii, mwaka 2009, mjini Durban, Afrika Kusini ilicheza na Lions, timu ya mseto ya Uingereza na Ireland ambayo huzuru kusini kila baada ya miaka minne, nchi moja baada ya nyingine. Namba 1 wa Afrika Kusini alikuwa Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, miaka 23, umri wa mpwa wangu. Mbele yake alisimama Phil Vickery, Mwingereza aliyetwaa Kombe la Dunia 2003. Mtawarira alimvunja. Skramu baada ya skramu alimnyanyua mpaka refa akawa anapuliza filimbi na mkono unaelekea upande uleule. Mapema kipindi cha pili Vickery akatolewa. Afrika Kusini ikashinda 26 kwa 21.

Nimeiangalia mechi hiyo yote kwa simu, nikaisimamisha na kuirudisha. Nilichokitazama ni mgongo wa Mtawarira. Umenyooka kama ubao tangu kiunoni hadi kichwani, macho yanatazama mbele, shingo haikuinama. Ndivyo tulivyokuwa tukiwafundisha wapagazi wa bandarini wanaokuja na maumivu ya kiuno: nyanyua kwa miguu, mgongo uache ulivyo. Mtu aliyemfundisha yule kijana alikuwa fundi.

Na hakuzaliwa propu. Zimbabwe alicheza nyuma ya skramu, katika namba za wakimbiaji wazito wanaoshika mpira. Klabu ya Sharks ya Durban ilimchukua akiwa kijana, na kocha Dick Muir ndiye aliyemwambia ahamie mstari wa mbele. Fikiria kijana anayeupenda mpira mikononi anaambiwa aende mahali ambapo mpira hauonekani. Alikwenda. Juni 2008 akavaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales.

Kisha yakaja mambo yasiyohusu skramu. Mwaka 2010 suala la uraia wake likazuka, waziri wa michezo wa wakati huo akahoji vipi mtu asiye raia anaivalia nchi jezi. Mwaka huohuo akapata uraia. Na moyo: uliwahi kumwenda mbio bila mpangilio, akalazwa, akatibiwa, akarudi uwanjani. Nimemwandikia mpwa wangu ujumbe kuhusu hilo la moyo. Mtu wa kilo 118 apimwe moyo kila mwaka, hata kama anahisi mzima. Kajibu, "Sawa Mjomba," jibu la vijana wote.

Sasa Novemba 2019. Fainali ya Kombe la Dunia, Yokohama, tarehe 2. Dakika za mwanzo tu, propu namba 3 wa Uingereza, Kyle Sinckler, anagongwa kichwa na kuzimia. Wa akiba ni Dan Cole. Kwa kawaida propu hachezi dakika 80. Huanza mmoja, akaingia mwingine baada ya saa moja au chini ya hapo, kwa sababu kazi ile haichezeki hadi mwisho kwa nguvu zilezile. Cole akalazimika kubeba karibu mechi nzima peke yake. Anayemkabili ni Mtawarira, miaka 34, mechi yake ya 117 kwa taifa. Skramu za Uingereza zikaporomoka, adhabu zikafuatana, Handré Pollard akaweka mateke yake, mwisho 32 kwa 12.

Baada ya mapumziko kidogo tu Mtawarira alitoka, akaingia Steven Kitshoff mwenye nywele nyekundu, miaka 27, akaendelea na kazi ileile kwa nguvu mpya. Hata siku kubwa kuliko zote katika maisha yake, Mtawarira hakuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia. Alikuwa benchi. Siku chache baadaye akatangaza kuiacha timu ya taifa. Alikwenda kucheza kidogo Washington, Marekani, msimu ukakatwa na korona, akamaliza.

Na Cole? Wengi walimcheka. Miaka minne baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2023 Ufaransa, alikuwamo tena katika kikosi, akatoka na medali ya shaba. Mimi namheshimu Cole kama ninavyomheshimu Mtawarira, huenda zaidi.

Jumanne, 1 Julai

Nilikuwa nikiliahirisha hili.

Machi 2005, mazoezi ya timu ya Uingereza ya vijana chini ya miaka 21, mjini Northampton. Mazoezi, si mechi. Propu Matt Hampson, miaka 20, anaingia kwenye skramu, skramu inaporomoka, shingo yake inateguka. Aliyeokoa maisha yake ni refa aliyekuwapo, Tony Spreadbury, aliyekuwa na ujuzi wa huduma ya kwanza ya gari la wagonjwa. Alimhudumia papo hapo. Hampson amepooza kuanzia shingoni, anapumua kwa mashine. Ameanzisha taasisi inayowasaidia vijana walioumia michezoni, na kwa hilo ameishi maisha yenye maana kuliko wengi wenye miguu.

Nimewashika watu wa namna hiyo kwa mikono yangu. Kijana wa Kipemba anapanda mkarafuu, tawi linakatika, anatua kwa mgongo au kwa kichwa. Mara nyingi wanaomkuta wanamnyanyua haraka haraka, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kichwa kinaning'inia. Wanafanya kwa mapenzi. Lakini mfupa wa shingo uliovunjika huenda haujaukata uti. Unaukata pale anaponyanyuliwa. Kumwokoa kunahitaji ubao, kola ya shingo na watu wanne waliokwishajifunza kugeuza mwili kwa pamoja. Basi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa klabu ile si mshahara. Siku ya Jumanne jioni, wanapofanya mazoezi ya skramu na hakuna mtazamaji, nani amesimama pembeni? Ana ubao? Ana kola? Hampson aliumia mazoezini.

Halafu kuna Kitshoff, yuleyule aliyempokea Mtawarira Yokohama. Mataji mawili ya dunia, 2019 na 2023. Mwaka 2024 akaumia shingo vibaya akicheza nyumbani, na Februari mwaka huu akatangaza kustaafu. Anatembea, alhamdulillah. Hao wawili walivaa jezi moja, wakapokezana nafasi katika fainali moja. Mmoja alichagua siku yake ya kuondoka. Mwingine alichaguliwa na mfupa.

Vickery naye, yule wa Durban: Desemba 2023 jina lake lilitajwa mahakamani London miongoni mwa wachezaji wa zamani wanaodai kwamba mchezo haukuwalinda na majeraha ya ubongo. Steve Thompson, huka aliyekuwa katikati ya skramu ya Uingereza ilipotwaa kombe Sydney 2003, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kabisa kuwa aliicheza fainali ile. Alikuwa na miaka 42.

Mama yake kijana wetu asiusome ukurasa huu. Lakini kijana lazima ayasikie haya kutoka kwangu, kwa sauti.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwambia. Alinyamaza, kisha: "Mjomba, yote hayo nayajua. Mchezaji mwenzetu aliwahi kubebwa na machela." Nikamuuliza mbona hakumwambia mama. Hakujibu.

Jumapili, 13 Julai

Kusi linavuma kweli leo, boti ya Unguja imechelewa, nami nimekaa ndani na karatasi za mkataba alizozituma kijana kwa picha. Yuko jirani yangu aliyesoma Kifaransa. Tumezipitia mstari kwa mstari.

Kwanza niandike kwa nini watu wa mbali wanamtaka mtoto wa Likoni, Mombasa. Sheria za raga zinataka timu ya watu 23 iwe na wa akiba waliofunzwa kwa kila nafasi ya mstari wa mbele. Wakiisha, skramu zinachezwa bila kusukumana, na timu inaadhibiwa kwa njia moja au nyingine. Hivyo kila klabu inahitaji propu wengi, na propu haokotwi barabarani. Georgia, nchi ndogo, imewajaza propu katika klabu za Ufaransa kwa miaka mingi, kijana mmoja akifungua njia na wengine wakifuata. Wafaransa nao wameweka kanuni ya kulinda wachezaji waliolelewa nchini mwao tangu ujana, kwa hiyo mgeni wa miaka 23 anakuja akiwa tayari amechukua nafasi iliyohesabiwa. Akicheza vibaya miezi mitatu, hawatakuwa na subira naye.

Malipo. Raga ya wachezaji kumi na watano ilikuwa marufuku kulipa watu hadi Agosti 1995, bodi ya mchezo ilipokutana Paris na kufungua mlango. Kabla ya hapo Jason Leonard, propu wa Uingereza, alikuwa seremala. Alianza kuichezea nchi Buenos Aires mwaka 1990, akafanyiwa upasuaji wa shingo 1992 na kupandikizwa kipande cha mfupa kutoka nyongani, akarudi, na alipomaliza 2004 alikuwa amefikisha mechi 114. Miaka yake ya mwanzo aliilipia kwa msumeno na nyundo. Huko Kenya bado ndivyo ilivyo kwa wengi: KCB ni klabu ya benki, Kabras ya Kakamega inabebwa na kiwanda cha sukari, na mchezaji mwenye bahati anapata ajira au posho. Kijana wetu posho yake haitoshi kula. Propu hula, jamani. Mama yake amekuwa akiuza mahamri asubuhi kumnunulia mayai ya jioni.

Mshahara anaoahidiwa Ufaransa si mkubwa. Chumba atapewa pamoja na wenzake wawili. Kazi ya nusu siku katika kampuni ya mdhamini wa klabu, ufundi wa umeme, jambo ambalo limenifurahisha kuliko mshahara. Lakini tumekuta mambo matatu mabaya. Kifungu cha kuumia kinasema klabu itamlipa kwa muda mfupi tu, kisha yuko peke yake. Tiketi ya kurudi haimo. Na wakala aliyewaunganisha ameomba pesa za "kufungua faili" kutoka kwa mama, kwa simu, bila risiti. Wakala wa haki hulipwa mkataba ukishatiwa saini, hachukui pesa za mahamri. Nimemwambia mdogo wangu asitume hata shilingi, na kijana azungumze na klabu yenyewe moja kwa moja.

Hapa kwetu suala la fidia ya mchumaji aliyeanguka mkarafuuni husemwa kila msimu, vikaoni na hotubani, na watu hudai haki yao bila haya. Sioni kwa nini mtoto wetu aone haya kumuuliza Mfaransa: nikianguka je?

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimeona raga na moyo wangu ukaenda nayo. Fainali ya Afrika, Kampala, uwanja wa Mandela kule Namboole: Zimbabwe na Namibia. Mshindi anakwenda Kombe la Dunia 2027 Australia. Namibia imekuwamo katika kila kombe tangu 1999. Zimbabwe haijafika tangu 1991. Kenya ilitolewa na Zimbabwe nusu fainali, na timu ya Kenya ya wachezaji kumi na watano haijawahi kufika kombe hilo hata mara moja, pamoja na sifa zote za ile ya wachezaji saba. Mwaka 2018 walikwenda Marseille kwenye nafasi ya mwisho kabisa, nafasi ikachukuliwa na Canada. Mwaka 2022 fainali na Namibia, Aix-en-Provence: 36 kwa sifuri.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini saba tunaweza na kumi na tano hatuwezi. Akajibu kwa neno moja: "Skramu." Mbio tunazo. Mstari wa mbele uliokomaa katika ligi nzito, wiki baada ya wiki, hatuna. Nimekumbuka kwamba Nairobi ilikuwa ikitembelewa na Lions enzi za ukoloni: 1955 wakaifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12, 1962 wakaifunga 50 bila. Uwanja tulikuwa nao zamani, mchezo wenyewe ukawa wa wachache na ukachelewa kutoka kwenye klabu zao.

Zimbabwe ikashinda 30 kwa 28. Niliwaangalia propu wao filimbi ilipolia: mmoja alipiga magoti, hakuweza kuruka na wenzake. Na leo hiihii huko Brisbane Lions wameifunga Australia 27 kwa 19, namba 3 akianza Tadhg Furlong wa Ireland, ziara yake ya tatu. Mpwa wangu anamtazama huyo kama mwanafunzi anavyomtazama sheikh wake.

Kama Kenya inataka kufika kule Zimbabwe ilikofika, lazima vijana kama huyu waende wakasukumane na watu wazima, halafu warudi. Hili limeingia katika mizani yangu leo.

Jumatano, 23 Julai

Barazani wananiuliza kwa nini kijana mwenye mwili ule asicheze ngumi, au asirudi Pemba kwenye mchezo wa ng'ombe. Mzee mmoja akasema michezo yote ni upuuzi, kazi ni kazi. Nikamjibu kwamba hii ni kazi, na naipima kama kazi: ina ujira, ina hatari, ina umri wa mwisho, na mtu huiingia akijua atatokaje. Akanyamaza, akaomba kahawa.

Jumapili, 27 Julai

Mdogo wangu kalia kwenye simu. Kasikia habari za Hampson kutoka kwa mtu mwingine. Nilimwacha alie. Kisha nikamweleza kwamba majeraha ya namna ile ni machache kuliko anavyodhani, kwamba utaratibu wa kuingia skramu umebadilika, na kwamba hatari kubwa ya mwanawe si ile inayotisha. Hatari yake kubwa ni kuumia goti au bega mwezi wa nne, mkataba ukaisha, akabaki chumbani katika mji wa baridi bila ruhusa ya kukaa nchini na bila cheti mkononi. Hilo ndilo linalowapata wengi, na halitangazwi.

"Basi amalize skuli kwanza," kasema. Ndivyo ninavyofikiri nami.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimesema neno langu. Tulikuwa sote watatu kwenye simu.

Aende, lakini Januari, baada ya kumaliza muhula na kupata cheti chake cha umeme. Klabu ikimtaka kweli itamngoja, maana nusu ya pili ya msimu ndipo propu wanapokuwa wamekwisha kwa majeraha. Viza iwe ya kazi, isiwe ya utalii hata kwa siku moja. Kabla ya kuondoka apigwe picha ya shingo na kupimwa moyo, na nakala za vipimo zibaki kwa mama yake. Kifungu cha kuumia kibadilishwe: matibabu na mshahara hadi mwisho wa msimu, kwa maandishi. Mazoezi ya skramu yasifanyike bila mtu wa huduma ya kwanza uwanjani. Akiona hayupo, asiingie, hata kocha akimtukana. Na siku mkono mmoja ukianza kumfa ganzi, au akigongwa kichwa na kuona taa, aseme siku hiyohiyo. Wengi huficha kwa kuogopa kupoteza nafasi, na nimeona mwisho wa kuficha.

Kijana alisikiliza yote. "Na nikikubali yote hayo, Mjomba, utaniombea dua?" Nikamwambia dua nilishaanza Juni.

Mama yake kakubali. Sauti yake bado nzito, lakini kakubali.

Jumanne, 12 Agosti

Klabu imejibu. Wamekubali Januari. Wamekubali kifungu cha matibabu, na daktari wao ameandika mwenyewe kwamba ubao na kola vipo uwanjani kila siku ya mazoezi. Wakala wamesema hawamjui. Tiketi ya kurudi wamekataa. Karafuu za kwanza zimeshaanza kuanikwa hapa Jadida, na tiketi hiyo tutainunua sisi wenyewe.